Baraka: Tundege twa Parselini na Mtoto Aliyerudi Masomoni

Mpunga ukiisha kuvunwa katika mabonde yaliyo karibu na ziwa Tanganyika na kuletwa hapa Baraka, kazi haijaisha. Bado kuanika. Katika parseli nyingi mwezi huu wa tano utaona shitingi imetandazwa mbele ya mlango, mpunga umemwagwa juu yake, na pembeni ameketi mtoto mwenye fimbo au manati. Anaketi pale tangu jua linapochomoza nyuma ya milima ya Ubwari hadi linapoelekea milima ya Itombwe. Kazi yake ni kufukuza ndege.

Ndege wenyewe wasikilizaji wanawajua. Wako wale wakubwa kidogo, wa manjano, wenye kichwa cheusi, wanaosuka viota vya kuning'inia na kuchana majani ya michikichi mpaka yanabaki njiti. Wako wadogo wenye kichwa cheusi, mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, wanaotembea kundi zima kama watoto wanaotoka masomo. Wako chiriku wanaoimba juu ya waya. Na wako wale wadogo kuliko wote, dume mwekundu na jike wa rangi ya udongo, wanaookota chini karibu na jiko bila kuogopa mtu. Kwa mwenye mpunga wote wana jina moja: wezi.

Katika parseli moja ya hapa mjini, mlinzi wa shitingi alikuwa mvulana wa miaka 11, mwanafunzi wa mwaka wa tano wa shule ya msingi. Familia yake ilishuka kutoka milimani, upande wa nyanda za juu za Fizi, baada ya nyumba zao kuchomwa. Walifika watu sita: mama, watoto wanne na Koko, yaani nyanya yao, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kwenda mbali. Mwenye parseli, mzee aliyekuwa mvuvi, aliwapa chumba cha nyuma. Hakudai hata franka moja.

Ndiyo maana mvulana alishika fimbo. Hakuna aliyemwamuru. Mama yake huamka alfajiri kwenda kulima mashamba ya watu kwa malipo ya siku, na aliona aibu kulala bure katika nyumba ya watu bila kurudisha kitu. Mgeni ana adabu yake. Basi mtoto akawa anafukuza ndege kila siku, na mwalimu akawa anaita jina lake bila kuitikiwa. Siku ya tisa mwalimu alimtuma mwanafunzi mwingine kuuliza kama huyo mtoto ni mgonjwa. Mwisho wa mwaka wa masomo ulikuwa unakaribia.

Wiki hiyohiyo, jioni, mzee alitoa telefoni yake kuonyesha video. Mzee huyu naye amewahi kuwa mkimbizi. Mwaka 1996 alivuka ziwa na familia yake hadi Kigoma, akaishi kambi ya Nyarugusu, na alirudi Baraka kwa meli wakati watu wengi wa Fizi walipoanza kurudishwa kuanzia mwaka 2005. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa kambini. Yeye hakurudi, alipelekwa Marekani pamoja na mume wake, na leo wanaishi Portland, jimbo la Maine, kaskazini kabisa, mahali pa theluji.

Video ilikuwa ya mwezi wa pili. Inaonyesha uwanja wa jirani, mweupe wote. Kwenye tawi limening'inizwa bomba la plastiki lenye matundu, na ndani yake mbegu nyeusi nyembamba. Juu ya bomba hilo wameng'ang'ania ndege wadogo labda ishirini, wa rangi ya majani makavu, na kati yao wachache wenye doa jekundu kwenye paji la uso kama kofia. Wanagombana, wanaruka, wanarudi. Sauti ya binti inasikika ikicheka: jirani yake, mwanamke mzee, hununua mbegu hizo kila wiki kwa pesa yake mwenyewe.

Parseli nzima ilinyamaza kidogo. Kisha mama wa mvulana, aliyekuwa ametoka shambani na udongo bado miguuni, akasema: "Kule banauza chakula cha ndege. Huku batoto ba batu banalala na chai."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini hakuna aliyemjibu. Kila mmoja pale anajua siku ambazo sufuria haikupanda motoni. Mke wa mzee aliangalia pembeni. Ilionekana kama mazungumzo yamekufa.

Ni Koko aliyeyafufua. Aliomba aone video tena, akaisogeza telefoni karibu na macho. Kule alikotoka, juu milimani, asubuhi kuna umande wa baridi unaouma vidole, ingawa si theluji. Akauliza: "Hutu tundege tunalala wapi na baridi hiyo? Na kabla ya huyu mama kuweka chakula, tulikuwa tunakula nini?"

Mzee alimtumia binti yake maswali hayo kwa sauti. Majibu yalikuja asubuhi, na baada ya hapo yaliendelea kuja, kwa sababu binti alikwenda kumuuliza jirani yake, na jirani alikuwa na mengi ya kusema.

Ndege hao ni jamaa wa chiriku. Mmoja hafikii uzito wa gramu 20. Wale wenye kofia nyekundu makao yao ni mbali sana kaskazini, Kanada na zaidi, kwenye misitu ambako hula mbegu ndogo za miti. Kooni wana kifuko cha kuwekea mbegu: jioni wanajaza, usiku mrefu wanaendelea kula akiba hiyo ili wasigande. Miaka ambayo miti imezaa vizuri, hubaki kwao. Miaka ambayo miti imekataa kuzaa, makundi makubwa hushuka kusini kutafuta chakula, na ndipo watu wa Maine huwaona uani mwao.

"Basi nato ni tukimbizi," alisema mvulana.

Mzee alitikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Hao wanakimbia njaa, na miti ikizaa wanarudi. Hawangojei mutu aweke sahihi kwenye karatasi."

"Wala hakuna aliyechoma mti wao kwa kusudi," Koko akaongeza. "Sisi si ndege." Na neno hilo likaishia hapo.

Lakini jambo moja kutoka Maine lilimkaa kichwani. Zile mbegu nyeusi nyembamba huitwa nyjer, na mmea wake asili yake ni Ethiopia. Waethiopia huulima na kukamua mafuta ya kupikia. Mbegu zinazouzwa Marekani kwa ajili ya ndege nyingi hutoka Ethiopia na India, na kabla ya kuuzwa hupitishwa kwenye joto kali ili zisiote. Kwa hiyo ndege wa theluji wanakula mavuno ya Afrika. Koko alilipenda hilo. Alilirudia kwa kila aliyepita.

Kesho yake, mvulana alipoketi karibu na shitingi, Koko aliburuta kiti chake akaketi naye. Alisema anataka kuona ndege wa huku chini wanakula nini. Alikataza manati kwa siku moja, fimbo akaruhusu. Mke wa mzee alisita, kisha akakubali kwa siku hiyo moja tu.

Waliangalia. Wale wa manjano wenye kichwa cheusi walikuja kutoka michikichi, moja kwa moja katikati ya shitingi, wakala mpunga wenyewe na kuutawanya. Wale wa tumbo jeupe walipita pembeni, wakadonoa kidogo, lakini muda mwingi walikuwa wameshikilia majani yaliyosimama kando ya ukuta, wakila mbegu za nyasi. Na wale wekundu wadogo hawakupanda kwenye shitingi hata mara moja. Walizunguka chini, wakaokota chembe zilizoanguka, mbegu za magugu, na chenga karibu na jiwe la kupepetea. Ndege huyo mwekundu ana uzito wa kama gramu 10. Gunzi moja la mahindi ni zito kuliko yeye. Chakula chake hasa ni mbegu ndogo za nyasi zilizoanguka ardhini, na ndiyo maana hupenda kukaa karibu na nyumba za watu, mahali palipofagiliwa.

"Siku zote hizi nimepiga hawa," alisema mvulana. Ilikuwa kweli. Wale wakubwa huruka mapema na hawapigiki kwa urahisi. Manati ilikuwa inawapata wale wadogo, ambao hawakuwa wamekula kitu.

Mzee, aliyekuwa akitengeneza wavu kivulini, alisikia. Wavuvi wana akili ya kupanga mitego, na pia ya kupanga njia za kutotega. Alishauri mambo matatu. Kwanza, pumba na chenga zote zilizofagiliwa ziwekwe kona moja, chini ya mwembe, mbali na shitingi, pamoja na kopo fupi la maji. Pili, juu ya shitingi ipitishwe kamba ya wavu wa zamani yenye makopo matupu na vipande vya plastiki, na mwisho wa kamba ufungwe kwenye kiti. Tatu, mwenye kuvuta kamba si lazima awe na miguu mizuri.

Kila mtu alielewa. Mke wa mzee ndiye aliyesema wazi, akimwelekea mama wa mvulana: "Dada, huyu mutoto kesho aende masomo. Koko atavuta kamba."

Mama alibisha kwa heshima, kama inavyopasa. Alisema kazi hiyo ni ya mtoto wake, na Koko ni mzee. Koko akasema yeye hajafa.

Hivyo mvulana alirudi masomoni, na Koko akawa mlinzi. Mambo hayakunyooka mara moja. Jirani mmoja alisimama kwenye ua na kusema kwamba kuwawekea ndege pumba ni kufuga wezi, na kwamba wataleta wenzao. Kweli walikuja wengi zaidi, ila wengi walibaki kwenye kona ya mwembe. Siku ya nne, jua lilipokuwa kali, Koko alisinzia. Wale wa manjano walishuka kundi zima. Alipoamka, upande mmoja wa shitingi ulikuwa umebaki maganda.

Jioni hiyo Koko hakula. Alimwambia mke wa mzee kwamba amekubali kosa, na kwamba mtoto atarudi kwenye fimbo kesho asubuhi. Mama wa mvulana aliinamisha kichwa. Katika nyumba ya kupokelewa, hasara ya mwenyeji ina uzito kuliko hasara yako.

Mke wa mzee alichukua muda. Alikuwa na haki ya kukasirika. Mpunga ule ulikuwa wa kulipia madeni na karo za watoto wake mwenyewe. Kisha akasema: "Mpunga ulioliwa ni labda sahani mbili. Tutahesabu hasara. Mutoto abaki masomo. Na mimi nilifukuza ndege mashambani mwa watu, nikaacha masomo mwaka wa nne. Hakuna aliyehesabu hiyo hasara."

Mume wake, waliyeishi pamoja miaka yote hiyo, alisema hakuwa amewahi kusikia habari hiyo.

Tangu siku hiyo wamepanga zamu. Saa za jua kali, mzee mwenyewe huchukua kamba, na Koko analala. Mvulana akirudi saa saba mchana, anakula, anafanya mazoezi yake ya hesabu, kisha anakaa na Koko hadi jioni. Ameongeza jambo moja. Binti wa Maine alieleza kwamba Marekani na Kanada kuna mradi unaoitwa Project FeederWatch, ulioanza mwaka 1987, ambapo watu wa kawaida huhesabu ndege wa uani kwao kuanzia Novemba hadi Aprili na kutuma hesabu kwa wataalamu. Mvulana aliuliza swali la maana: utahesabuje ndege wanaokwenda na kurudi? Jibu ni hili: huandiki kila anayekuja. Unaandika idadi kubwa kuliko zote uliyoiona kwa mara moja, kwa kila aina. Hivyo huhesabu ndege mmoja mara mbili.

Sasa kwenye ukuta wa chumba cha nyuma kuna mistari ya makaa. Wekundu: 18. Tumbo jeupe: 31. Chiriku: 4. Wa manjano: 22, na kando yake Koko ameagiza mtoto achore kamba.

Kuna jambo lingine kutoka Marekani ambalo familia hii imelichukua kwa makini. Majira ya baridi ya mwaka 2020 kuingia 2021, makundi makubwa ya jamaa hao wa chiriku yalishuka kusini, na wengi walikufa kwa ugonjwa wa salmonela, kwa sababu walikula wamebanana mahali pamoja penye uchafu wao. Wakuu wa wanyamapori katika majimbo kadhaa waliwaomba watu waondoe vyombo vya kulishia. Baraka hatuhitaji kufundishwa maana ya maji machafu. Kipindupindu tunakijua nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo kona ya mwembe hufagiliwa kila jioni, kopo la maji humwagwa na kusuguliwa, na liko mbali na jiko na madumu ya maji ya kunywa. Mtoto akimshika ndege aliyekufa, ananawa mikono kwa sabuni.

Wiki iliyopita mzee alimwonyesha Koko ndege mgeni kati ya wale wekundu: mweusi wa kung'aa, mdogo, akiimba kama wao. Ndege wa aina hiyo hajengi kiota. Jike wake hutaga katika kiota cha wale wekundu, na wao humlelea mtoto. Tofauti na ndege wengine wenye tabia hiyo, mtoto huyu hawasukumi nje watoto wa mwenye kiota. Hulishwa pamoja nao, hukua pamoja nao, na dume akikua huimba wimbo wa waliomlea.

Koko alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, hiyo ni habari ya ndege ao ni habari yangu?"

"Ni ya ndege," alisema mzee. "Wewe umetaga wapi?"

Familia nyingine mbili za jirani zimefunga kamba za makopo. Moja imesema zinasaidia. Nyingine imesema ndege wamezizoea baada ya siku tatu, na inabidi kuzihamisha kila asubuhi. Wote wawili wana haki: kamba bila mtu wa kuivuta haidumu. Yule jirani wa uani bado anasema wanafuga wezi, ila anakuja kuketi chini ya mwembe jioni, na juzi alikuwa wa kwanza kuona chiriku wa tano.

Mpunga wa mzee umekauka na sehemu yake imepelekwa kwenye mashine. Shitingi itakunjwa siku chache zijazo. Koko ameomba kona ya mwembe ibaki, hata kwa pumba tu, na mke wa mzee amekubali. Mvulana yuko masomoni na mitihani ya mwisho wa mwaka haiko mbali. Huko Portland, binti anasema theluji imekwisha. Wale wenye kofia nyekundu wamesharudi kaskazini. Waliobaki wamebadilisha manyoya, na madume yaliyokuwa na rangi ya majani makavu yamekuwa ya manjano makali. Koko amemtumia ujumbe wa sauti: "Sisi leo wekundu ni kumi na nane. Wenu ni wangapi?"